Muulizeni Mgonjwa Kama Anafuga

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za mjini Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 kati yao, zaidi ya nusu, waliandikiwa malaria. Damu zilipochunguzwa kwa makini, waliokuwa wanaumwa malaria kweli walikuwa 14.

Kumi na wanne katika mia nane na sabini.

Katika wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya mmoja kati ya kila wanne alikutwa nayo. Wengine walikuwa na homa ya mgunda, wengine homa za kupe, wengine homa ya Q, wengine brusela, ile ambayo wafugaji wanaijua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Na hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye aliyempokea aliandika kwenye faili kwamba huenda homa hii imetoka kwa mnyama. Hata mmoja! Hapo ni Kilimanjaro, ambako ng'ombe na mbuzi wanafugwa ndani hatua chache kutoka kitanda cha mwenye nyumba.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Yamesomwa kwenye mikutano na kunukuliwa kwenye maandiko ya wataalamu. Lakini mfugaji akifika leo dirishani na homa ya wiki mbili, mara nyingi maswali ni yaleyale: imeanza lini, unatapika, mkojo unauma? Anaondoka na dawa ya malaria, au ya taifodi, au ya UTI, au zote tatu. Mbuzi wake hawatajwi kabisa.

Tunachodai ni kidogo. Kila mwenye homa aulizwe mambo matatu. Unafuga, au unafanya kazi na mifugo? Wiki chache zilizopita umezalisha mnyama, umechinja, au umeshika kondo la nyuma? Unakunywa maziwa mabichi? Jibu liandikwe kwenye faili. Hakuna umeme unaohitajika hapo, wala kitendanishi, wala mashine ya kuagizwa nje.

Anayeona tunakuza jambo dogo afikirie moyo, na jinsi homa ya Q inavyoufikia.

Homa ya Q huletwa na bakteria anayeitwa Coxiella burnetii. Anaishi kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, mara nyingi bila mnyama kuonyesha dalili yoyote, mpaka mimba zianze kutoka au wazaliwe vitoto dhaifu. Mnyama anapozaa ndipo bakteria hawa wanapomwagika kwa wingi usio wa kawaida. Gramu moja ya kondo la nyuma inaweza kubeba hadi bilioni moja. Kondo likiachwa zizini linakauka na kuwa vumbi, bakteria wanavumilia ukavu huo kwa miezi, na upepo unawachukua. Mtu anawavuta kwa pua, na wachache mno wanatosha kumwambukiza. Si lazima awe amemgusa mnyama.

Baada ya wiki mbili au tatu inakuja homa ya ghafla na kichwa kuuma sana, pengine na kikohozi, pengine ini linavimba. Zaidi ya nusu ya walioambukizwa hawasikii chochote. Wengi wa wanaougua hupona wenyewe, na hapo ndipo tunapojidanganya: mgonjwa amemeza dawa ya malaria, homa imeshuka kwa wakati wake, na dawa inapewa sifa ambayo si yake.

Kwa wachache, chini ya watano katika kila mia, bakteria habanduki. Anakwenda kukaa kwenye valvu za moyo, hasa zilizokwisha kuharibika. Na Afrika Mashariki valvu mbovu hazihesabiki kwa vidole. Watoto wetu wanaugua koo, hawatibiwi vizuri, inafuata homa ya baridi yabisi, na valvu zinabaki na makovu maisha yote. Watafiti wa Ufaransa walikadiria kwamba mwenye kasoro ya valvu akipata homa ya Q na asitibiwe ipasavyo, uwezekano wa maambukizi kuhamia moyoni unakaribia wanne katika kumi. Huyo ndiye tunayempa dawa ya malaria na kumwambia aende nyumbani.

Akishajipenyeza humo, kumpata ni kazi. Anajificha ndani ya seli za mwili kama kunguni kwenye ufa wa kitanda. Utafua shuka kila siku na hutamwona. Damu ikioteshwa maabara kwa njia ya kawaida, haioti kitu. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti mara nyingi hakionyeshi uvimbe kwenye valvu, kwa kuwa uvimbe wa ugonjwa huu ni mdogo sana. Mgonjwa anakonda, anatoka jasho usiku, homa inakuja na kuondoka, pumzi inakata akipanda kilima alichokuwa akikipanda na mzigo kichwani. Anapimwa kifua kikuu, hana. Anapimwa UKIMWI, hana. Ndugu wanaanza kutaja uchawi. Inaweza kupita miezi, hata miaka, na valvu inaliwa taratibu muda wote huo. Asipotibiwa, mara nyingi anakufa.

Sasa linganisha matibabu. Homa ya Q ikishikwa mapema inatibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki mbili. Ni dawa ya siku nyingi, ya bei nafuu, inayopatikana karibu kila duka la dawa. Ikishafika kwenye valvu, mgonjwa anameza doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini kila siku kwa muda usiopungua miezi 18, na miezi 24 kama valvu yake ni ya bandia. Dawa hii ya pili inawekwa kwa sababu bakteria anaishi ndani ya kifuko chenye asidi, doksisaiklini humo inapungua nguvu, na haidroksiklorokwini inapunguza ile asidi. Macho yanapaswa kuchunguzwa mara kwa mara kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuyadhuru. Wengine wanaishia kupasuliwa kifua na kubadilishiwa valvu. Familia ipi ya mfugaji mdogo inaumudu mwaka mmoja na nusu wa hayo?

Brusela nayo ina njia yake ya kufika moyoni. Hufika mara chache, kwa mgonjwa mmoja au wawili katika mia, lakini wengi wanaokufa kwa brusela hufa kwa sababu ya hao wachache. Kwa hiyo maswali yetu matatu yanalinda dhidi ya adui zaidi ya mmoja.

Sababu za kutouliza tumezisikia zote.

"Hatuna kipimo." Ni kweli, kipimo cha kingamwili za homa ya Q hakipo kwenye zahanati zetu. Lakini tabibu anayeambiwa kwamba mbuzi watatu wametupa mimba mwezi uliopita, na kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu, ana sababu ya kutosha ya kumpa mgonjwa rufaa, kumpigia simu daktari wa wilaya, au kuchagua dawa kwa akili badala ya kwa mazoea. Tena vipimo havitaletwa mahali ambapo hakuna aliyeandika kwamba anavihitaji. Bajeti inafuata takwimu, na takwimu zinatoka kwenye kitabu cha MTUHA, kile zahanati inachoandikia wagonjwa wake. Ugonjwa usioandikwa humo, kwa serikali haupo.

"Foleni ni ndefu." Mgonjwa huyohuyo akirudi mara ya nne na homa ileile, foleni inafupika? Maswali matatu yanachukua nusu dakika.

"Ni ugonjwa adimu." Hili ndilo linalotuudhi zaidi. Jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya homa ya Q kutoka Nakuru mwaka 1955, kabla ya uhuru wa Tanganyika na wa Kenya. Magharibi mwa Kenya, watafiti walipopima damu za watu vijijini, karibu mmoja katika watatu alikutwa na kingamwili, dalili kwamba bakteria huyu alishapita mwilini mwake. Huo si uadimu.

Wapo pia wanaosema dawa za antibaiotiki zinatumiwa ovyo mno nchini, na sisi tutaongeza. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana hatusemi mtu akimbilie duka la dawa kununua doksisaiklini kwa sababu ana mbuzi. Mjamzito haifai kabisa ajiamulie, maana kwake dawa ni nyingine. Aamue tabibu, lakini aamue akiwa ameuliza. Matumizi ya ovyo yapo tayari, kwa mgonjwa anayebebeshwa dawa tatu za magonjwa asiyokuwa nayo.

Kisiwa cha Malta kilishapita njia hii. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimwona bakteria aliyekuwa akiwaua askari kwa homa isiyoisha, huyu tunayemwita brusela leo. Ikachukua mpaka 1905 ndipo daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipogundua kwamba yuko kwa mbuzi wa kisiwa, wale waliokamuliwa mlangoni mwa mteja asubuhi. Mwaka uliofuata jeshi likaacha maziwa ya mbuzi kambini. Ugonjwa ukaporomoka mwaka uleule, bila chanjo na bila dawa mpya. Raia wa kawaida waliendelea kununua maziwa mabichi na kuendelea kuugua, na maziwa kisiwani yakaanza kuchemshwa kiwandani mwaka 1938. Miaka zaidi ya thelathini ilipotea huku jibu likiwa mezani.

Wala utajiri haumwokoi asiyeuliza. Uholanzi, kuanzia 2007 hadi 2010, zaidi ya watu 4,000 waliripotiwa kuugua homa ya Q kutoka kwenye mashamba ya mbuzi wa maziwa, na mbuzi zaidi ya 50,000 wakauawa. Ni nchi yenye maabara kila kona. Hata hivyo mashamba yaliyoambukizwa yalitangazwa hadharani mwishoni mwa 2009, mlipuko ukiwa katika mwaka wake wa tatu. Upande wa mifugo ulikuwa na taarifa ambazo daktari wa kijiji alizihitaji.

Hapa kwetu pia upande mmoja haujui mwenzake anajua nini. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kwanza kusikia kwamba mbuzi wa kitongoji fulani wanatupa mimba. Mganga mfawidhi wa zahanati ya kata hiyohiyo ndiye wa kwanza kuona homa zinaongezeka. Wanakutana msibani na sokoni, wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Tunalo dawati la Afya Moja, la kuunganisha afya ya watu na ya mifugo, Ofisi ya Waziri Mkuu, na mikakati imeandikwa. Jambo jema. Lakini kwenye kata, Afya Moja ni simu moja: "Daktari, mifugo ya huku inatupa mimba, ukipata homa isiyoeleweka unikumbuke." Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuagiza simu hiyo Jumatatu ijayo na asiombe shilingi kutoka popote.

Sasa nyumbani, maana si yote ya daktari.

Mbuzi anapozaa, nani anamsaidia? Kwenye kaya nyingi ni mama, bibi, na mtoto aliyekuwa karibu. Mikono mitupu inavuta kitoto, mikono hiyohiyo inaliokota kondo na kulitupa nyuma ya zizi, ambako mbwa analivuta mpaka mlangoni. Kisha watu wanakwenda kula. Hapa ndipo pa kukaza kamba kuliko pengine pote, kwa sababu siku ya kuzaa ndiyo siku ya hatari kubwa, na siku hiyo hutangulia kujulikana. Mfugaji anajua mnyama wake anakaribia.

Basi ajiandae. Glavu, na kama hazipo, mifuko ya plastiki isiyotoboka ivutwe mpaka kwenye kiwiko. Kitambaa puani na mdomoni. Mnyama azalie kona moja ya zizi, mbali na mlango wa nyumba na jiko. Kondo, kitoto kilichokufa na majani yaliyolowa vifukiwe kwenye shimo refu au vichomwe, wala visitupwe kichakani. Zizi lisifagiliwe likiwa kavu. Linyunyiziwe maji kwanza, vumbi lisiruke. Mikono ioshwe kwa sabuni na nguo zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto. Mjamzito asiwepo kabisa, kwa kuwa bakteria hawa wanaweza kuharibu mimba yake kama walivyoharibu ya mbuzi. Na mwenye ugonjwa wa valvu asiwepo hata kama ni yeye mwenye mifugo na ndiye mzoefu kuliko wote.

Maziwa yachemke mpaka yafure. Mwaka 1956 Marekani ilipandisha joto la kusindikia maziwa viwandani, kutoka nyuzi 61.7 hadi 62.8 kwa nusu saa, kwa sababu ya bakteria huyu wa homa ya Q. Sufuria inayochemka jikoni iko juu sana ya hapo, kwa hiyo kwa upande wa maziwa, mwenye kuni tatu ana kinga. Tunaambiwa wafugaji hawatakubali. Mbona chai ya maziwa inachemshwa kila nyumba? Tatizo ni kikombe kinachonywewa zizini kikiwa na joto la kiwele, na mtindi unaogandishwa kwa maziwa mabichi. Uchachu hautoshi kuwaua. Mtindi haufi kwa kuchemsha: chemsha, acha yapoe mpaka vuguvugu, tia kijiko cha mtindi wa jana, funika. Kesho asubuhi umeganda, na ladha ipo.

Machinjioni nako kusisahauliwe. Homa ya Q iligunduliwa kwa wafanyakazi wa machinjio ya Brisbane, Australia, mwaka 1935, na nchi hiyo imekuwa na chanjo kwa ajili ya watu wa kazi hiyo tangu 1989. Wachinjaji wetu, kuanzia machinjio ya Vingunguti mpaka kibanda cha kijijini, wengi wanatumbua mimba za mbuzi na ng'ombe kwa mikono mitupu. Mwenye machinjio anayekusanya ushuru kila siku hawezi kushindwa kununua glavu. Ofisa afya anayekwenda kugonga mhuri kwenye nyama aitazame na mikono ya mchinjaji.

Tukirudi kwenye faili la mgonjwa, Wizara ya Afya iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya mapokezi ya mwenye homa: mifugo, kuzalisha au kuchinja, maziwa mabichi. Ndiyo au hapana. Mstari huo uwepo popote panapopokea wafugaji, Longido, Monduli, Simanjiro, Bariadi, na mijini pia, maana mbuzi wanafugwa uani hata Dar es Salaam. Vyuo vya uuguzi na utabibu viwafundishe wanafunzi kuuliza hilo kabla hawajashika sindano.

Na kama wizara inataka mahali pa kuanzia wiki hii, ianze na wale walio hatarini kuliko wote. Watu wenye valvu zenye makovu na waliowekewa valvu za bandia wanajulikana. Wana kadi, wana tarehe za kliniki, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na katika hospitali za rufaa mikoani. Kila mmoja wao aulizwe siku ya kliniki kama nyumbani kuna mifugo. Aambiwe nani azalishe mbuzi badala yake. Aelezwe kwamba akipata homa, aseme mwenyewe dirishani, kabla hajaulizwa: nina ugonjwa wa valvu, na nafuga. Na akithibitika kuwa na homa ya Q, arudi kuangaliwa baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita, hata kama anajisikia mzima. Majina yao yako kwenye rejista za kliniki sasa hivi.